Inchi Tatu za Kiuno cha Mama Brian

Jumatano, 5 Machi 2025

Kwaresima imeanza. Na mimi nimeanza kuandika humu, nyuma ya daftari la vipimo, kwa sababu ndilo daftari pekee ambalo hakuna mtu nyumbani anayeligusa. Mbele ni vifua na viuno vya nusu ya Ngarenaro. Nyuma, kuanzia leo, ni mimi.

Ibada ya asubuhi. Mwinjilisti Elinami — kijana, rika la mdogo wangu wa mwisho, koti linampwaya mabegani, kila nikimwona mikono inaniwasha nilipunguze — alisema neno moja tu. Alisema toba si kumwambia Mungu anachokijua tayari. Toba ni kumwambia mwenzako asichokijua.

Halafu akaniangalia. Mume wangu Abdiel anasema alikuwa anaangalia saa ya ukutani, ambayo iko juu ya kichwa changu. Abdiel ni fundi pikipiki na hakosi maelezo ya kitu chochote.

Haya. Niandike mara moja nipumue. Oktoba mwaka jana kwaya yetu ya akina mama ilikwenda mashindano ya jimbo. Sare nilishona mimi, Anneth, Mama Princess kwa wateja, zote ishirini na mbili. Na beti la pili, la mtu mmoja, ambalo lilikuwa langu miaka kumi na moja, mwalimu wa kwaya alikuwa amempa Agnela. Mama Brian. Amekuja juzi tu kutoka Njombe, ameolewa na Mchagga, ana sauti ambayo ukiisikia unaweka mkasi chini.

Kiuno chake kilikuwa inchi thelathini na nane. Nilikata thelathini na tano.

Wallahi — samahani, Bwana, nimekaa sana na wateja Waislamu — sikutaka mabaya makubwa. Nilitaka pumzi imsumbue kidogo tu. Sare nilizikabidhi asubuhi ile ile ya mashindano, kama ilivyo desturi yetu mafundi, kwa hiyo hakuna muda wa kurekebisha. Agnela akahangaika kuingia. Akaniuliza mbona inabana. Nikamwambia, huku nina pini mdomoni: "Umeongezeka, Mama Brian."

Beti la pili, akavuta pumzi, zipu ikaachia kuanzia shingoni mpaka kiunoni. Mbele ya jimbo zima. Wenzetu wakamfunika kwa kitenge.

Hajaimba tena tangu siku ile. Anakaa benchi la mwisho karibu na mlango. Beti nimerudishiwa mimi, na naliimba kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Nitamwambia kesho.

Alhamisi, 6 Machi

Nimempigia. Akapokea haraka, akauliza kuna msiba? Nikasema hapana, nilikuwa nakusalimia. Akafurahi sana. Tumeongea habari za bei ya vitunguu dakika kumi na mbili.

Badala yake nimeacha sukari kwenye chai. Abdiel anauliza sukari imemkosea nani.

Jumamosi, 8 Machi

Aibu ya leo sijui niianzie wapi.

Jumuiya ilikuwa kwangu. Tukaimba, tukasoma, ukafika wakati wa mahitaji ya maombi. Nikaona hapa ndipo — nitasema, lakini nitasema kistaarabu, kwa njia ile tunayoijua sote. Nikasimama. Nikasema tumwombee mama mmoja, wa humu humu kwenye jumuiya, alimtendea mwenzake jambo la hila katika kazi ya mikono yake, na sasa moyo unamsuta ila mdomo mzito.

Nikainamisha kichwa nikisubiri waelewe.

Wakaelewa. Vichwa vyote vikageuka polepole, vikamwangalia Mama Derick, anayetuletea maziwa.

Mama Derick akavuta kitenge chake. Akasimama. Akasema Bwana asifiwe, akasema kweli, amekuwa akiongeza maji, si kila siku, siku ambazo ng'ombe hajashiba tu, na hakujua kama kuna mtu ameonyeshwa. Akalia. Tukamzunguka tukamwombea. Agnela ndiye aliyemkumbatia kwa nguvu kuliko wote. Mimi niliweka mkono kwenye bega lake nikaomba kwa sauti kubwa, na kila niliposema "dada yetu huyu" nilitamani sakafu ipasuke.

Toba yangu imeniruka ikatua kwa jirani.

Walipoondoka, Mama Derick akanishika mikono. Akasema Mama Princess, una karama.

Jumapili, 9 Machi

Maziwa ya leo mazito kweli. Yameweka utando wa kidole kizima.

Jumanne, 11 Machi

Nimepata njia. Nitamshonea gauni jipya, zuri kuliko la harusi ya mtu, nimpe bure, na ndani ya gauni kutakuwa na toba. Asipoijua basi, Mungu ataijua.

Nikaenda mjini dukani kwa Pratik. Baba yake aliuza vitambaa pale pale, na babu yake, na yeye akishika kitambaa kwa vidole viwili anakwambia mvua ngapi kitahimili. Nikamwambia nataka kile cha kijani cha maua madogo. Akauliza ni cha harusi? Hapana. Kipaimara? Hapana. Siku ya kuzaliwa? Nikasema zawadi tu. Akaacha kukunjua. Akanitazama juu ya miwani.

"Mama Princess, umemfanya nini huyo mtu?"

Nikauliza kwa nini lazima niwe nimemfanya kitu. Akasema yeye akimpelekea mke wake Aarti boksi la halua na hakuna sikukuu, Aarti hafungui boksi. Anavuta kiti, anakaa, anasubiri.

Nimerudi bila kitambaa. Nimemchukia Pratik njia nzima mpaka Ngarenaro. Karne nzima wanauza nguo hapa, nani aliwaruhusu kusoma mioyo.

Alhamisi, 13 Machi

Nimemwambia Abdiel. Yote. Alikuwa anakula ugali, akaacha tonge hewani.

Nilidhani atacheka, kwa sababu anacheka kila kitu. Hakucheka. Akaniuliza: siku ile ya zipu, wewe ndiye uliyekwenda kumfuta machozi nyuma ya kanisa? Nikasema ndiyo. Akaweka tonge chini. Akasema Anneth, aisee. Hivyo tu. Nimeolewa miaka kumi na tisa, sijawahi kuogopa jina langu namna ile.

Baadaye akatoka, akarudi na isale. Alikwenda kulikata kwenye ua wa shangazi yake Tengeru, shina fupi na majani yake marefu yamesimama juu. Akasema mdomo ukiwa mzito, kwetu Wachagga kuna hili. Ukimpelekea mtu isale anajua umekuja kuomba msamaha. Na akishalipokea, hawezi kukataa. Akasema bibi yake alisamehe wizi wa ng'ombe watatu kwa jani moja.

Nikalifunga kwenye gazeti nikaenda kwa Agnela kabla moyo haujapoa. Nilimkuta anafua. Nikasimama mbele yake, nikalishika kwa mikono miwili kama tulivyofundishwa, nikainama, nikampa. Machozi yalikuwa hapa.

Akafuta povu mikononi. Akalipokea. Akaligeuza huku na huku. Akasema:

"Jamani Mama Princess! Na nilivyokuwa natafuta ua la kuweka mlangoni!"

Akachukua kopo la rangi lililokwisha, akajaza udongo na mbolea ya kuku, akalipanda. Akalimwagilia. Akaniuliza linapenda jua au kivuli.

Nikasema kivuli kidogo.

Njombe hawana isale. Nilisahau. Nimeomba msamaha kwa lugha ambayo mwenye kuombwa haijui, nikarudi nyumbani na ndoo ndogo ya maparachichi, zawadi ya shukrani.

Ijumaa, 14 Machi

Maparachichi matamu sana. Nimekula mawili nikalia.

Jumapili, 23 Machi

Sikuandika siku tisa. Kazi za Pasaka zimeanza, mashati ya watoto, na woga.

Leo Agnela alitoa ushuhuda.

Alitembea kutoka benchi la mwisho mpaka mbele, polepole, mkono mmoja umeshika kitenge kwa nyuma ya mgongo. Nimegundua anatembea hivyo siku zote sasa, kama vile zipu bado inaachia. Akasema Bwana asifiwe. Akasema anashukuru kwa ajili ya gauni. Akasema siku ile zipu ilipoachia alilia wiki nzima, halafu akasema moyoni, kama nimeongezeka kiasi hiki na sikujua, labda kuna mengine sijui. Akaenda kupima. Sukari ilikuwa imepanda, ndiyo kwanza inaanza. Daktari akamwambia umewahi. Sasa kila asubuhi anatembea kwa miguu, chapati ameacha, sukari imeshuka.

"Mungu alisema nami kwa njia ya zipu," akasema. Kanisa likacheka, likapiga makofi. Mwinjilisti Elinami akapiga makofi. Mama Derick akanigeukia na uso unaong'aa, akanong'ona kwamba na mkono wa fundi ubarikiwe.

Nikafikiri: imekwisha. Niko huru! Dhambi yangu imegeuzwa baraka na wenye nayo wameshaishangilia. Nani mimi niharibu kazi ya Bwana?

Ila Agnela hakuwa amemaliza. Akasema, kwa sauti ya chini, kwamba jambo moja tu anaomba tumwelewe. Mwalimu wa kwaya amemwomba arudi kwa ajili ya Pasaka. Hawezi. Tangu siku ile akisimama mbele za watu anausikia mwili wake tu, hausikii wimbo. Akasema labda Mungu alitaka anyamaze.

Akarudi kwenye benchi lake akiwa bado ameshika mgongo.

Hapana, Mungu hakutaka hivyo. Ni mimi niliyetaka.

Jumatatu, 24 Machi

Nimefungua mbele ya daftari hili. Ukurasa wa sare. Agnela — kifua 41, kiuno 38, urefu 54. Mwandiko wangu. Nilipima vizuri. Ndicho kinachonitesa, nilipima vizuri kabisa.

Nilikuwa na kalamu mkononi. Nane inaweza kuwa tano kama mtu ana nia, ni kufuta kidogo na kukunja kidogo. Nimekaa hivyo mpaka pasi ikapoa. Kwaresima, siku ya ishirini, na mwanamke mzima wa jumuiya amekaa anataka kupunguza kiuno cha mtu kwa mara ya pili.

Nikaiweka kalamu. Nikashona kola za mashati saba bila kupumzika, zote zimekaa vizuri. Mikono haina aibu hata kidogo.

Jumatano, 26 Machi

Baada ya ibada nilimvizia Mwinjilisti Elinami nyuma ya vestri, kile chumba cha majoho. Nikasema nina swali la jumla. Je, mtu akitenda kosa, na kosa likaleta faida, na aliyekosewa akalitolea ushuhuda, bado ni kosa?

Akasema ni swali zuri. Akauliza linamhusu nani.

Nikamwambia. Nimechoka na "mama mmoja". Nimesema mimi, Anneth, inchi tatu, kwa makusudi, kwa wivu, na uongo juu yake nikiwa na pini mdomoni. Nilipomaliza nilijisikia mwepesi, nikamwambia sasa basi, nimetubu, naomba uniombee niende zangu.

Akafikiri. Akavuta mkono wa koti ulioshuka.

"Mama Princess, mimi sikulivaa lile gauni."

Kijana wa juzi! Nilitaka kukasirika nikakosa pa kuanzia. Nikamwuliza je, nikimwambia akaacha kuniamini, wengine wakasikia, nani ataniletea tena kitambaa? Ngarenaro ina mafundi kila baada ya milango mitatu. Akasema hilo hajui. Hakunidanganya kwamba yataisha vizuri, na nimemheshimu kwa hilo, japo ningependa kudanganywa.

Nimemwambia alete koti nilipunguze. Akasema nikishakwenda kwa Mama Brian.

Jumapili, 30 Machi

Nilipita kwa Agnela baada ya ibada nikiwa nimejiandaa, sentensi ya kwanza ninayo mdomoni. Nikamkuta mlangoni anamwagilia isale. Limesimama. Limetoa jani jipya katikati, limekunjwa bado.

Alikuwa anaimba wimbo puani, beti la pili lile lile, chini chini. Akafika pale panapopanda. Akaacha. Akaendelea kumwaga maji.

Alinigeukia akasema mama mkwe wake anakuja wiki hii kutoka Marangu kuwatembelea, ataona jinsi ua lake linavyopendeza.

Marangu, Uchagani, wanakolijua isale! Nimeondoka mbio kama niliyeacha pasi kwenye moto. Sentensi nimerudi nayo, haikutoka.

Jumanne, 1 Aprili

Abdiel anasema leo ni siku ya uongo duniani, nikitaka kupumzika nipumzike, nianze ukweli kesho. Anatania. Lakini kila asubuhi sasa ananiuliza kabla ya chai: umekwenda? Na chai yenyewe bado haina sukari.

Alhamisi, 3 Aprili

Saa nne asubuhi. Naandika nikiwa kwenye cherehani, na Agnela amekaa mbele yangu kwenye benchi la wateja. Kopo la isale liko mapajani mwake.

Ameingia bila hodi. Ameangaza huku na huku. Nikadhani amekuja na hasira, kumbe alikuwa anatafuta pa kuliweka kopo, mafundo ya nyuzi yamejaa kila mahali, ndipo akaamua kukaa nalo.

Akasema mama mkwe alishuka kwenye bodaboda jana, kabla hata ya shikamoo akaona mlango. Akauliza nani kakuletea isale? Agnela akajibu kwa furaha, fundi wangu, Mama Princess, ni ua zuri eeh? Mama mkwe akakaa chini kwenye ngazi akiwa na mizigo yake. Akamweleza. Hili si ua, mwanangu. Huyo mtu ana jambo zito na wewe. Na wewe umelipokea, umelipanda, umelipa mbolea. Kwetu hatujawahi kuona mtu aliyesamehe mpaka akaweka na mbolea.

Nikacheka. Sikutaka, nimecheka. Naye akacheka. Halafu akaacha kabla yangu.

"Mama Princess," akasema, "nimekuja kukusamehe. Usiku kucha nimejiuliza ni nini, sikupata. Maziwa? Si wewe. Umenisema mahali? Sijasikia. Basi niambie tu, nijue nasamehe nini."

Nikasema ngoja kidogo, niandike kitu. Nikavuta daftari. Anadhani naandika vipimo vya mteja. Anasubiri kwa adabu, anang'oa jani moja kavu chini ya isale. Lile jipya la katikati limekunjuka lote.

Naandika haraka, mwandiko unapinda. Nikinyamaza leo atasamehe hivyo hivyo, najua. Atasamehe bila kujua, ataondoka na kopo lake ameshika mgongo, na atakaa benchi la mwisho mpaka azeeke, akiamini mwili wake ndio uliomwaibisha.

Na nikisema, labda ndiyo mara ya mwisho anakaa kwenye benchi hili. Isale linamzuia kukataa kusamehe. Halimlazimishi kunipenda.

Ananiuliza mbona naandika muda mrefu hivyo, ni mteja gani huyo?

Nimemwambia ni wewe. Ni kiuno chako.

Ameangalia gauni lake, ameangalia daftari. Hacheki sasa. Ameliweka kopo chini taratibu, kati ya miguu yake na yangu, akasema kisome basi, Mama Princess, kwa sauti, nisikie.

Nageuza kurasa za mbele. Oktoba. Hapa, thelathini na nane. Nasoma.